Ijumaa ya Kupita Pembeni

Mtu akitaka kunitia wazimu mpaka leo, aniambie, "Hebu zima halafu uwashe." Nitamjibu vibaya na wala sitamwomba radhi. Maneno hayo niliambiwa Ijumaa moja kazini Maramba mpaka masikio yakaniuma, na kila nilipoambiwa nilitii. Nikazima, nikawasha, nikatazama ule mduara mdogo unavyozunguka kwenye skrini, halafu nikaletewa sentensi ileile kwa maandishi mekundu: Huna ruhusa ya kufikia ukurasa huu. Ati sina ruhusa! Mtumishi wa umma miaka yote hiyo, kitambulisho kinaning'inia shingoni, cheki namba, ile ya mshahara, naijua kwa moyo, halafu mashine inaniambia sina ruhusa ya kuomba kwenda kwa mama yangu.

Maana hayo yote yalikuwa kwa ajili ya mama. Mama yangu anakaa Pangani, ng'ambo ya mto, upande ule unaovuka kwa kivuko. Hakuwa mtu wa kusahau hata kidogo. Alijua kila mtoto wa mtaa ule kazaliwa lini, nani alikuwa mkunga, na siku hiyo kulipikwa nini. Halafu akaanza kuniuliza kwenye simu kama nimekula. Namjibu, ndiyo mama, nimekula ugali na dagaa. Anasema alhamdulillahi, tunaongea mawili matatu, halafu ananiuliza tena kama nimekula. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Nilimwambia, "Mama nawe, uzee huo," naye akacheka, akaniambia mwenye uzee ni mimi, si yeye.

Kicheko kilikatika siku wifi yangu aliponipigia. Huyu wifi ni mke wa mdogo wangu, ndiye anayeishi na mama. Aliniambia mama ametoka kwenda dukani, hakurudi, wamemkuta kivukoni anataka avushwe aende kwa baba yake. Baba yake alikufa mimi sijazaliwa. Tukampeleka Tanga mjini kwa daktari, na daktari yule hakutuzungusha. Alisema ugonjwa huu hauna kurudi nyuma. Kama mna hamu ya kukaa naye, alisema, kaeni naye sasa hivi angali anawajua.

Niliyabeba maneno hayo yakanilala kifuani. Sikuwa nataka cheo wala semina wala safari za posho. Nilitaka niamke nyumba moja na mama yangu angali ananiita kwa jina langu, nimwogeshe, nimsuke, anisimulie habari zilezile mara kumi kama anataka. Nilikuwa naenda kwake mwisho wa wiki, lakini kutoka Maramba ushuke mpaka Tanga, utafute gari jingine la Pangani, uvuke mto, unafika Jumamosi jioni umechoka taabani, na Jumapili mchana unaaga. Alikuwa akilia nikimuaga. Jumatatu nikipiga simu ananilaumu mbona siji kumwona.

Basi nikaanza kutafuta uhamisho. Kwa sisi watumishi wa ngazi za chini njia yenye matumaini ni kubadilishana. Unatafuta mtu wa kada yako aliyeko unakotaka kwenda, naye awe anataka kuja ulipo wewe. Magrupu ya WhatsApp yamejaa matangazo hayo: nipo sehemu fulani, natafuta wa sehemu fulani, njoo inbox. Nani ataililia Maramba yetu ya machungwa na mihogo aache Pangani? Nilitangaza mpaka watu wakaanza kunitania kwamba natafuta mchumba. Lakini akapatikana. Alikuwa bwana mmoja wa kada yangu, Mkatoliki, babu yake alikuja kukata mkonge akabaki. Mke wake alikuwa mwalimu hukuhuku Maramba, na yeye amechoka kuishi peke yake Pangani akila chipsi kila usiku. Alikuwa akinipigia simu ananiita "mwenzangu wa kubadilishana." Tulifurahiana sana, ungedhani tumezaliwa pamoja.

Maombi yanapokelewa kwa msimu, na msimu ule ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Mwenzangu alicheleweshwa na mkuu wake wa kazi, akathibitisha upande wake Alhamisi, watu wanafunga ofisi. Nikabaki mimi tu. Nilitakiwa nifungue mfumo, nione jina lake na langu, nibonyeze Kubali. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Miaka ya nyuma ningefanya kwa simu nikiwa nimelala kitandani, lakini walisema matapeli wameingilia wanauza nafasi, kwa hiyo msimu ule mfumo ulifunguka kwenye kompyuta za ofisi peke yake.

Hapa itabidi nieleze habari za mlango. Kompyuta za ofisi zetu zote, popote zilipo, zilitakiwa zitoke kwenda mtandaoni kupitia mlango mmoja ulioko makao makuu. Mafundi wanauita proksi. Ukiomba ukurasa wowote, ombi lako linakwenda kwanza mlangoni, mlango unakutazama wewe ni nani na unakwenda wapi, ndipo unaruhusiwa. Halafu ndani ya setingi za kompyuta kuna orodha ya kupita pembeni. Anwani ikiandikwa humo, kompyuta haiendi mlangoni, inatoka yenyewe moja kwa moja. Sisi tulipewa anwani mbili tu za kuandika humo, na waraka ukaja kwamba asiongeze mtu kitu.

Tatizo ni kwamba mlango ule ulikuwa mzito, Mungu anisamehe, mzito wa kukera. Unaomba ukurasa asubuhi, unakuja watu wameshakunywa chai. Mhasibu wetu, jirani yangu wa dawati, mtu wa mikono mepesi na maneno mengi, akatushawishi tuchange. Tukanunua rauta ya kampuni ya simu, akaiweka juu ya kabati la mafaili, halafu akapita kompyuta moja baada ya nyingine, na kwenye ile orodha ya kupita pembeni akaweka nyota moja. Nyota humo maana yake ni kila kitu. Kwamba chochote utakachoomba, kisiende mlangoni, kipite pembeni. Ofisi ikachangamka. Tangu siku hiyo kupita pembeni kukawa dawa yetu ya maradhi yote. Ukurasa ukikwama, mtu anapaza sauti, "Pitisha pembeni!" Hata printa ikitafuna karatasi tunasema ipitishwe pembeni.

Nisimwonee mhasibu. Aliyefanyiwa hasa alikuwa mama wa masjala, yule anayetunza mafaili. Ni Msambaa, Mlutheri, mtu mzima anayekaribia kustaafu, anapanga mafaili huku anaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini. Binti yake alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa na kitochi, kisimu cha vitufe kisicho na video, na macho yameanza kuingia ukungu, kioo cha simu ya mtu hakimsaidii. Kwa hiyo jioni, kazi zikiisha, mhasibu anamkalisha kwenye kompyuta yake yenye skrini kubwa, anampigia binti kwa video. Alikuwa akisema sauti inadanganya, anataka kuuona uso. Anamwambia binti, "Geuka huku. Haya geuka na huku. Nyanyua mkono." Anatafuta alama za kupigwa. Sisi tulikuwa tunatoka nje tunamwachia chumba.

Wote tulijua ni marufuku, na hakuna hata mmoja ambaye angesema. Huku kwetu mtu anamsitiri mwenzie, na akiwa ni mama mtu mzima ndiyo kabisa, unamsitiri bila ya kuombwa. Wageni wa makao makuu wakija kukagua, rauta inaingizwa kwenye ndoo na kufunikwa na dekio. Hata mkuu wetu, ambaye Ijumaa ile alikuwa safarini, alikuwa anaiona na haioni.

Ijumaa yenyewe nilifika kabla ya mfagizi. Nikaandika anwani ya mfumo, na ndipo nilipoyaona yale maandishi mekundu mara ya kwanza. Nikajua nimekosea herufi. Nikarudia taratibu, yakaja vilevile. Mhasibu alipofika nikamvamia hata mkoba hajautua.

"Hiyo ndogo, dada," akasema. "Tunaipitisha pembeni."

Akakaa kwenye kiti changu, akaongeza anwani ya mfumo kwenye ile orodha, juu ya nyota ambayo tayari ilikuwa inapitisha kila kitu. Akabonyeza kwa mbwembwe. Nyekundu. Tukahamia kwenye kompyuta yake, nyekundu. Tukahamia kwa mama wa masjala, ambaye alitupisha huku ananiambia nisiwe na wasiwasi, mambo ya mashine ndivyo yalivyo. Kwake pia nyekundu. Mhasibu akaanza kujikuna kisogo, na mimi nikaanza kuitazama saa ya ukutani.

Tukawapigia makao makuu. Akapokea fundi mmoja, kijana kwa sauti, mstaarabu, asiye na haraka. Nikaweka simu kwenye spika juu ya dawati. Akaniambia nizime na kuwasha. Nikazima, nikawasha. Akaniambia nifute kumbukumbu za brauza, nikafuta. Akaniambia nizime tena na kuwasha tena. Nilikuwa bado mpole wakati huo, naitikia sawa kaka, sawa kaka. Halafu akauliza kama kuna mtu amegusa setingi, au tumeongeza kifaa chochote pale ofisini.

Mama wa masjala alikuwa amesimama na faili mkononi, hakulitua wala hakulirudisha kabatini.

Mhasibu akainama kwenye simu. "Hatujagusa kitu, kaka. Tuko vilevile mlivyotuacha."

"Nisomee basi hiyo orodha ya kupita pembeni."

Mhasibu akazisoma zile anwani mbili za halali. Alizisoma vizuri, kwa kituo, na nyota akairuka, pamoja na ile anwani aliyotoka kuiongeza. Fundi akasema hapo pako sawa, kumbe tatizo liko huku kwetu, ngoja nilitafute. Na mimi nilikuwapo, nasikiliza, na wala halikunipitia jambo baya akilini. Kwa akili yangu nyota ile ilikuwa inafungua. Tangu iwekwe imefungua kila kitu, sasa itafungaje? Nilimshukuru mhasibu moyoni kwa kumhifadhi mama wa watu.

Fundi wa watu akaingia kazini kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Alibadilisha nywila yangu. Akafuta akaunti yangu na kuiunda upya. Akawapigia wenzake wa mfumo, wakamwambia kwao hakuna tatizo. Kila baada ya muda ananipigia, "Dada, hebu zima halafu uwashe." Ikafika saa ya Ijumaa, mhasibu akachukua kofia akaenda msikitini, na kule makao makuu fundi naye akaaga kwamba anawahi swala. Nani atawazuia watu wasiende Ijumaa? Nikabaki na mama wa masjala. Alinimiminia chai ya hiliki, akanisogezea muhogo, nikaviacha vikapoa. Nikatandika kanga pale chini ya kabati, nikasali adhuhuri yangu, juu yangu ile rauta inawaka vitaa vyake vya kijani. Nilimwomba Mungu kwa machozi anifungulie ukurasa. Sidhani kama niliwahi kuomba kitu kidogo hivyo kwa nguvu hivyo.

Mwenzangu wa Pangani akapiga. "Vipi, mwenzangu, umebonyeza?" Nikamwambia bado, mtandao. Akacheka, akasema serikali na mitandao. Akapiga tena baadaye, safari hiyo hakucheka.

Wifi naye akapiga, akasema mama leo ameamka vizuri, anakutaka. Akampa simu. Mama akaniita kwa jina langu, akaniuliza nakuja lini. Nikamwambia, "Nakuja kuhamia kabisa, mama. Leo leo namaliza."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, mwanangu. Nitamwambia wifi yako afue mashuka."

Nilipoweka simu chini nikachukua mkoba. Nikamwambia mama wa masjala naondoka, nakodi bodaboda mpaka ofisi ya wilaya, huko kuna kompyuta nyingine. Njia ilikuwa mbovu kwa mvua, lakini saa nane ilikuwa haijafika, ningewahi. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni simu ilipolia. Fundi. "Usitoke, dada, nadhani nimeshaliona. Dakika mbili tu." Nikarudi nikakaa. Wallahi ningemwambia dakika mbili zako zitafute huko huko! Lakini ukiwa umekata tamaa halafu mtu akakwambia dakika mbili, unakaa. Alikuwa hajaliona. Akaniambia nizime na kuwasha.

Hapo nilimfokea. Nilimwambia kama kazi yake ni kuzima na kuwasha, hata mbuzi wa mtaani kwetu anaweza akafundishwa. Akaniambia pole dada, kwa upole uleule, na upole wake ukanitia hasira zaidi. Mhasibu alikuwa amerudi, amekaa kimya, kitu ambacho si kawaida yake.

Saa tisa ikapita. Fundi akapiga tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa. "Dada, mimi natazama mlango wetu hapa. Kila ombi linalopita naliona. La kwako silioni. Tangu asubuhi kutoka ofisi yenu hakuna mtu hata mmoja aliyebisha hodi. Sasa nyie mnatokea wapi?"

Ndipo kichwa kiliponifunguka. Mfumo ulikuwa unamkubali anayekuja kupitia mlango wa makao makuu peke yake, na sisi tangu asubuhi tulikuwa tunauendea kwa pembeni, kutoka kwenye rauta ya kabatini, watu wasiojulikana. Haukuwa na kosa lolote kutuambia hatuna ruhusa. Nikamtazama mhasibu. Alikuwa anafuta miwani yake kwa shati na hanitazami. Alishajua. Sijui alijua saa ngapi, labda msikitini, lakini alishajua.

Nikafungua kinywa, nikamwona mama wa masjala, nikakifunga. Nikilisema, rauta inaondoka, na yeye atauonea wapi uso wa mwanawe? Nisiposema, mama yangu mimi je? Saa ya ukutani inakwenda, na mimi nimeishika simu kama bubu.

Mama wa masjala akalitua faili. Akaja mpaka kwenye dawati langu, akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Mama, kaa," mhasibu akasema.

"Sikai. Huyu ana mama yake." Akainama kwenye spika, akapaza sauti kama watu wazima wanavyofanya wakiongea na simu. "Baba, mimi ni mama wa masjala. Kuna kidude hapa tumewekewa juu ya kabati. Nimewekewa mimi, nimwone mwanangu aliyeko Maskati. Hawa wananificha tu. Sasa mwambie huyu binti wa hapa ofisini afanye nini."

"Basi kwenye orodha mmeweka nyota. Ifute, dada," fundi akasema. "Na hiyo rauta izimeni."

Mhasibu ndiye aliyeifuta, baada ya kuiondoa ile anwani aliyoiongeza asubuhi. Kidole kimoja, mara moja, nyota ikaondoka. Mama wa masjala mwenyewe akachomoa waya wa rauta kabatini, tukabaki na laini yetu ya zamani ya ofisi. Nikaomba ukurasa, na safari hii maandishi mekundu hayakuja. Lakini mlango wa makao makuu ni uleule, na mwendo wake uleule. Ukaja kipande kwa kipande. Ikaja nembo. Tukangoja. Likaja jina langu, na chini yake Maramba. Tukangoja, mhasibu anasema "Njoo, njoo, njoo," anaisemesha mashine. Likaja jina la mwenzangu, na Pangani. Saa ya ukutani ilikuwa bado kidogo ifike kumi. Mwisho kabisa kikaja kitufe cha kijani kimeandikwa Kubali, nikakibonyeza kabla hakijamaliza kujichora. Mduara ukazunguka. Ukazunguka. Ukaja mstari mmoja, hata haukuwa mwekundu, maandishi meusi ya kawaida: Muda wa kupokea maombi umekwisha.

"Bado!" mhasibu akapiga kelele, ananyooshea ukuta kidole. "Bado! Haijafika!" Lakini mfumo una saa yake. Nikabonyeza tena, na tena, na tena. Fundi kwenye spika akasema hilo haliko kwenye uwezo wake, dada, pole sana dada.

Yale niliyomwambia mhasibu jioni ile siyaandiki. Nilimuuliza alikuwa anaficha nini, na anamficha nani, na mimi hapa nimekaa kwenye kiti changu tangu asubuhi nazima na kuwasha kama mwendawazimu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, machozi yanamtoka, halafu akasema, "Nilikuwa namsitiri mama." Mama wa masjala alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, anasema jina la Bwana wake. Nilitamani nimchukie. Nilijaribu, jamani, nilijaribu kwa nguvu zangu zote, haikuwezekana. Na hata leo nikijiuliza, kama fundi angeniuliza mimi asubuhi ile kama kuna kifaa tumeongeza, najua ningemwambia hakuna, bila kupepesa jicho.

Wiki iliyofuata watu wa makao makuu walikuja kuichukua rauta. Mhasibu akapewa barua ya onyo, na mama wa masjala akahojiwa mlango umefungwa. Akabakiwa na kitochi chake. Jioni nilikuwa namsikia anaongea na Maskati, "Umekula? Haya geuka..." halafu anakumbuka kwamba hamwoni, ananyamaza. Alistaafu akarudi kwao milimani, na mpaka anaondoka alikuwa bado anaomba kuiona sura ile.

Mwenzangu wa Pangani hakuweza kungoja msimu mwingine. Mke wake aliacha kazi akamfuata, na nafasi yangu ikafa hapo. Mimi nikaendelea na safari zangu za mwisho wa wiki. Mara namkuta mama ananijua asubuhi na mchana hanijui, mara ananiita kwa jina la dada yake marehemu nami naitikia. Nilikuwa nikirudi Maramba nalia ndani ya gari mbele za watu, sijali. Ukafika msimu mwingine, nikaomba, hawakunipa. Ulipofika uliofuata wakanipa, bila kubadilishana na mtu, bila shida yoyote, ukurasa ulifunguka mara ya kwanza nilipoujaribu. Nilikaa nikautazama nisisikie furaha yoyote.

Nilihamia na godoro, masufuria na begi mbili. Nilivuka mto mchana, kijana wa mkokoteni akanisaidia mpaka uani kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, safi, wifi amemsuka, anachambua mchele kwenye ungo. Wifi akanipokea mzigo, akainama, akamwambia kwa sauti, "Mama, huyo mgeni wako amefika. Amehama kabisa, harudi tena."

Mama akaacha mchele. Akajifunika kanga vizuri kichwani, kama afanyavyo mtu anapojiwa na mgeni wa heshima, akanyanyuka kwa taabu, akanipa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Wifi akageuka akatazama ukutani. Mimi mikono ya mama ninayo, na uso wake uko pale pale ananingojea nimwitikie, na mtu akishakuamkia huwezi kumwacha hivi hivi. Nikajikaza kisabuni. "Marahaba," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Maramba."

Akachangamka. "Maramba? Nina binti yangu huko, anafanya kazi ofisini. Ukirudi ukimwona, mwambie mama yake anamuuliza, mbona haji?"

Nikamwambia nitamwambia.